Nani Anasukuma Ndani ya Seli?

Mdahalo huu una mada moja: "Mota za protini ndani ya seli husukuma mizigo yao kwa nguvu ya ATP." ATP ni molekuli ambayo seli huivunja ili kupata nishati. Mtoa Hoja ni mwalimu wa baiolojia, Mpinzani ni mwalimu wa fizikia. Tabibu anahudumu katika kliniki ya kifua kikuu, na amealikwa ili mjadala usielee hewani. Wasemaji ni wa kubuni; majaribio, miaka na vipimo wanavyovitaja ni vya kweli. Utaratibu ni ule wa Bunge: anayetaka kukatiza aombe taarifa, na mzungumzaji ana hiari ya kuipokea au kuikataa.

MWENYEKITI: Mtoa Hoja, karibu. Kengele ya kwanza ikilia, anza kufunga.

MTOA HOJA: Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naanza na ngisi. Mwaka 1985, huko Woods Hole katika jimbo la Massachusetts, Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walikamua ute wa ndani wa neva nene ya ngisi wakautazama kwa darubini. Vifuko vidogo vilikuwa vikisafiri juu ya nyuzi ziitwazo mikrotubuli kana kwamba vimetumwa. Utafiti huo ukawafikisha kwenye protini ambayo haikuwa ikijulikana, wakaiita kinesini. Ina vichwa viwili vinavyoshika uzi, shina refu lililosokotwa, na mkia unaobeba mzigo.

Seli inamhitaji mchukuzi huyu kwa sababu ya umbali. Neva inayotoka kwenye uti wa mgongo hadi unyayo wa mtu mzima inakaribia mita moja, na protini nyingi zinazohitajika kule chini hutengenezwa huku juu. Kifuko kikiachwa kielee chenyewe, hakitafika katika umri wa binadamu yeyote. Kinesini hutembea takriban nanomita 800 kwa sekunde, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kila mota huachia uzi baada ya hatua mia moja hivi na nyingine huendeleza. Kwa mwendo huo, mzigo unamaliza mita nzima kwa takriban wiki mbili.

Mwaka 1993, Karel Svoboda, Christoph Schmidt, Bruce Schnapp na Steven Block waliunganisha kinesini na ushanga mdogo sana, wakaushika ushanga kwa mwali wa leza na kupima kila unavyosogea. Haukuteleza, ulipiga hatua. Kila hatua ilikuwa nanomita 8, umbali uleule uliopo kati ya jozi moja ya tubulini, protini inayojenga uzi huo, na jozi inayofuata. Majaribio yaliyokuja baadaye yakaonyesha kwamba kila hatua hugharimu ATP moja. Ushanga ukivutwa nyuma kwa nguvu ya pikonyutoni 6 hivi, kipimo cha nguvu ndogo mno, mota ndipo inapogota. Zidisha 6 kwa 8 upate kazi ya pikonyutoni-nanomita 48. ATP moja ikivunjwa ndani ya seli hutoa kati ya 80 na 100. Mheshimiwa Mwenyekiti, mota imepewa mia imefanya kazi ya hamsini. Kama huko si kusukuma, basi sijui kusukuma ni nini.

MPINZANI: Taarifa, Mwenyekiti!

MWENYEKITI: Mtoa Hoja, taarifa unaipokea?

MTOA HOJA: Naipokea, mradi iwe fupi.

MPINZANI: Ni fupi. Vipimo alivyovitaja ni sahihi, sina ugomvi navyo. Namkumbusha tu kwamba hata bila ATP kinesini haitulii. Molekuli za maji huigonga kutoka kila upande, usiku na mchana, na mtikisiko huo una kipimo chake: katika joto la mwili ni takriban pikonyutoni-nanomita 4. ATP moja, basi, ni kama vipimo ishirini hivi vya mtikisiko. Mwenzangu ameonyesha kwamba kazi imefanyika na ATP imetumika. Hajaonyesha kwamba ATP ndiyo iliyosukuma.

MTOA HOJA: Basi nimwonyeshe kwenye misuli. Mwaka 1954, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mwingine, walieleza katika toleo lilelile la jarida la Nature kwamba msuli unapokaza, nyuzi zake hazifupiki, zinapishana. Uzi mnene ni wa miosini, mwembamba ni wa aktini. Mwaka 1969 Hugh Huxley akapendekeza namna: kichwa cha miosini hushika aktini, kisha huinama na kuivuta. Mwaka 1993 kundi la Ivan Rayment lilichapisha umbo la kichwa hicho, na likaonekana jambo la kufurahisha: kichwa kina shingo ndefu iliyonyooka, mkono wa wenzo kabisa. Badiliko dogo kwenye mfuko wa ATP hukuzwa na mkono huo likawa mwendo wa nanomita kadhaa.

Dhana hiyo ilijaribiwa. Mwaka 1996 maabara ya James Spudich, huko Stanford, ilitengeneza miosini zenye shingo fupi na nyingine zenye shingo ndefu kuliko kawaida. Kadiri shingo ilivyorefushwa ndivyo aktini ilivyokwenda kasi. Mwaka 2004 kundi la Dietmar Manstein nchini Ujerumani lilifanya zaidi: lilipachika mkono ukiwa umegeuzwa, na mota ikaenda kinyumenyume. Chanzo cha nishati kilikuwa kilekile na uzi uleule. Kilichobadilika ni mkono. Naomba kutoa hoja.

MWENYEKITI: Mpinzani.

MPINZANI: Mheshimiwa Mwenyekiti, tatizo la mwenzangu ni kwamba amechukua desturi za ulimwengu mkubwa akazipeleka mahali zisipofaa. Mwaka 1827 Robert Brown aliona chembe zilizotoka kwenye chavua zikitetemeka majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein akalipigia hesabu tetemeko hilo: maji yenyewe hayatulii. Na mwaka 1977 Edward Purcell akaeleza maisha yalivyo kwa kiumbe mdogo kama bakteria. Bakteria akiacha kuogelea, husimama kabla hajasogea hata upana wa atomu moja. Kinesini ni ndogo kuliko bakteria kwa mbali. Kule hakuna kusukuma kitu kikaendelea kuserereka. Maji hula kasi yote papo hapo, na papo hapo hurudisha mapigo mengine.

Sasa mtu anayeishi ndani ya tufani isiyokoma ana haja gani ya kutafuta anayemsukuma? Anayesukuma yupo tayari, ni joto. Shida yake ni kwamba joto husukuma pande zote. Andrew Huxley yuleyule aliyetajwa hapa aliliona hilo mwaka 1957. Katika hesabu yake, kichwa cha miosini huyumba mbele na nyuma kwa joto tu. Kikiwa kimeyumbia mbele ni rahisi kushika aktini. Kikipita upande wa pili ni rahisi kuachia. Mwendo umetoka kwenye joto. Kemia imefanya kazi moja, kuchagua upande upi ushikwe.

MTOA HOJA: Taarifa! Kama joto peke yake linatosha, ATP ya nini?

MPINZANI: Naipokea kwa mikono miwili, maana ndipo nilipokuwa naelekea. Tazama gurudumu la nyuma la baiskeli. Ndani yake mna meno na kidole cha chuma kinachoruka juu ya meno hayo, tik-tik-tik, kikiruhusu mzunguko wa upande mmoja na kukatalia wa pili. Mtu angeweza kudhani kwamba ukikifanya kifaa hicho kiwe kidogo sana na kukitia majini, mitikisiko ingekizungusha mbele bure milele. Marian Smoluchowski alilipinga wazo hilo mwaka 1912, na Richard Feynman akalifundisha kwa ufasaha darasani mwaka 1962. Kidole kidogo kiasi hicho nacho hutikisika. Mara kinanyanyuka, meno yanarudi nyuma. Joto likiwa sawa pote, kwenda mbele na kurudi nyuma hulingana, na hakuna safari. Ili kidole kibane na kuachia kwa wakati unaofaa, lazima ulipe. ATP inalipia hapo. Hailipii mwendo, inalipia mwelekeo.

TABIBU: Mwenyekiti, naomba taarifa.

MWENYEKITI: Daktari, endelea.

TABIBU: Mimi nina swali la chumba cha maiti. Saa chache baada ya mtu kufariki, mwili hukakamaa. Tulifundishwa kwamba ni kwa sababu ATP imekwisha kwenye misuli. Kama ATP ndiyo inayovuta, ilipaswa msuli ulegee inapokwisha. Mbona unakaza?

MPINZANI: Ahsante sana, Daktari. Kichwa cha miosini kisicho na ATP hung'ang'ania aktini na hakibanduki. ATP mpya inapoingia ndipo kinapoachia. Maiti amekakamaa kwa sababu mamilioni ya vichwa vimeshika na hakuna kilichokuja kuvifungua. Hulegea siku moja au mbili baadaye protini zinapoanza kuharibika. Tendo la kwanza la ATP kwenye msuli ni kuachisha. Hata ile shingo ndefu iliyosifiwa hapa hukunjuliwa na kuwekwa tayari wakati kichwa kiko huru, hakijagusa chochote, kinapigwa na maji.

Nimalizie na kinesini yake mwenyewe. Mwaka 2004 Ahmet Yildiz na wenzake walitia alama kwenye kichwa kimoja wakaona kinaruka nanomita 16 hivi, kisha kinatulia wakati mwenzake anaruka. Mwaka 1999 Sarah Rice, Ronald Vale na wenzao walikuwa wameonyesha kinachoanzisha mruko huo: ATP ikiingia kwenye kichwa cha mbele, ukanda mfupi wa shingoni hujilaza juu ya kichwa hicho ukielekea mbele. Vema, lakini nishati inayopatikana kwa ukanda huo kulala ni sehemu ndogo tu ya nishati ya ATP. Ukanda hukisogeza kichwa cha nyuma upande wa mbele, halafu kichwa hicho hupapasa kwa joto mpaka kikutane na mahali pake. Mwendo uliobaki ni wa maji. Napinga hoja.

MWENYEKITI: Mtoa Hoja, mzunguko wa pili. Jibu hilo la joto.

MTOA HOJA: Nalijibu kwa hesabu, Mwenyekiti, kwa sababu bahati nayo hupimika. Ikiwa joto ndilo linalobeba mzigo, basi kila hatua ya kinesini dhidi ya pikonyutoni 6 inahitaji mtikisiko mmoja mkubwa wa kipimo cha 48, mara kumi na mbili ya mtikisiko wa kawaida. Sheria ya Boltzmann inasema uwezekano wa mtikisiko kama huo hupungua kwa haraka ya kutisha: ni takriban mara moja katika majaribio 160,000. Mota itasubiri mpaka lini?

MPINZANI: Taarifa. Kitu kidogo kiasi hicho hupata kama majaribio milioni moja kwa sekunde. Kikikosa mara 160,000, hakijapoteza hata theluthi moja ya sekunde. Na kinesini iliyokaribia pikonyutoni 6 haipigi tena hatua zake mia kwa sekunde. Hudorora, husimama, mara nyingine hurudi nyuma. Mwenzangu amepiga hesabu inayonisaidia mimi.

MTOA HOJA: Naipokea kwa kinesini. Sasa anijibu kwa F1. Ndani ya mitokondria mna mota inayozunguka. Paul Boyer alitabiri kwamba inazunguka; John Walker na wenzake wakachapisha umbo lake mwaka 1994; wawili hao wakapata Nobel ya kemia mwaka 1997 pamoja na Jens Skou. Mwaka huohuo Hiroyuki Noji, Ryohei Yasuda, Masasuke Yoshida na Kazuhiko Kinosita, nchini Japani, waliipigilia F1 kwenye kioo, wakabandika uzi wa aktini unaong'aa kwenye ekseli yake, wakaweka ATP. Uzi ukazunguka mbele ya macho yao, upande mmoja tu.

Sehemu hiyo ya mota huzunguka kwa vituo vitatu, nyuzi 120 kila kituo, ATP moja kila kituo. Nguvu yake ya kuzungusha ni takriban pikonyutoni-nanomita 40. Ukipiga hesabu, kazi ya kituo kimoja ni kama 84. Ni karibu nishati yote ya ATP! Turudi kwenye hesabu ya bahati: mtikisiko mmoja wa kipimo cha 84 hutokea mara moja katika majaribio zaidi ya bilioni. Kwa majaribio milioni kwa sekunde, kila kituo kingesubiriwa kwa dakika ishirini na ushei. Watafiti wale waliona uzi ukiburuzwa majini kwa mizunguko kadhaa kila sekunde. Isipokokota mzigo, F1 hupita mizunguko mia moja kwa sekunde. Huyo siyo mtu anayesubiri bahati.

MPINZANI: Nakubali. Jino moja kubwa la kiasi hicho, yaani mtikisiko mmoja unaoleta kituo kizima, haliwezekani, nalifuta. Lakini F1 ina ushahidi mwingine ambao mwenzangu ameuruka. Mwaka 2004, watafiti nchini Japani, Hiroyasu Itoh na wenzake, walibandika ushanga wa sumaku kwenye ekseli hiyo wakaizungusha kinyume kwa mkono wa sumaku. Mota ikatengeneza ATP kutokana na ADP na fosfeti, vipande vinavyobaki ATP ikivunjwa. Kila hatua ya mashine hii ina njia ya kurudi. Sasa weka ATP, ADP na fosfeti kwenye chombo kwa viwango vya msawazo, yaani viwango ambavyo kemia ingefikia yenyewe ikiachwa muda mrefu. ATP imo humo, F1 inaishika na kuivunja, lakini inazunguka mbele sawasawa na inavyozunguka nyuma. Mwenye kusema ATP "ina nguvu" anieleze nguvu hiyo imekwenda wapi.

MTOA HOJA: Haijakwenda popote. Seli hai haiko kwenye msawazo.

MPINZANI: Ndilo ninalotaka liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ndani ya seli, uwiano wa ATP kwa ADP na fosfeti umewekwa mbali na msawazo kwa mara mamia ya mamilioni. Umbali huo ndio unaoitwa nishati ya ATP. Hakuna kitu kilichokunjwa ndani ya molekuli kikisubiri kufyatuka. Kuna uwiano unaofanya njia ya kwenda iwe rahisi kuliko ya kurudi, na mitokondria hufanya kazi usiku kucha kuulinda uwiano huo. Mtu mzima huvunja na kutengeneza upya, kwa siku moja, ATP ya uzito unaokaribia wa mwili wake, ingawa wakati wowote ule ana sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

MWENYEKITI: Daktari amenyoosha mkono tena.

TABIBU: Nimenyoosha kwa sababu mota hii naijua kwa njia nyingine. Nawatibu watu wenye kifua kikuu sugu, kile kinachokataa dawa za kawaida. Zamani tuliwachoma sindano kwa miezi, na baadhi walipona wakiwa wamepoteza usikivu. Mwezi Desemba 2012 Marekani iliidhinisha bedakwilini, dawa ya kwanza ya kundi jipya dhidi ya kifua kikuu baada ya takriban miaka arobaini. Leo ni nguzo ya matibabu ya ugonjwa huo, hapa kwetu Tanzania pia, katika hospitali ya Kibong'oto na kwingineko. Maelezo yake yanasema inawazuia bakteria kutengeneza ATP. Nataka kujua inagusa wapi: kwenye mkono wa Mtoa Hoja au kwenye meno ya Mpinzani?

MTOA HOJA: Kwenye meno yake, sina budi kusema. Ile F1 niliyoieleza ni nusu ya mashine. Nusu ya pili, Fo, imezama kwenye utando. Ni duara la protini. Kwa binadamu lina vipande vinane. Peter Mitchell, aliyepata Nobel mwaka 1978, alikuwa ameeleza kwamba seli husukuma protoni upande mmoja wa utando zikajaa huko, nazo hutaka kurudi. Njia ya kurudi inapita kwenye duara hili. Bedakwilini hujibana kwenye duara la bakteria wa kifua kikuu, palepale protoni zinapobebwa, na duara haliwezi tena kuzunguka. Bakteria hukosa ATP na hatimaye hufa.

MPINZANI: Na duara linavyozunguka ni hivi, Daktari. Kila kipande kina kiti kimoja. Kiti kikiwa na protoni hakina chaji, na mafuta ya utando hukiruhusu kipite. Kiti kitupu kina chaji, na mafuta hukikataa. Protoni huingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine. Duara linatikisika kwa joto mbele na nyuma. Linapojaribu kurudi, linakuta kiti kitupu kimeelekea kwenye mafuta, linazuiwa. Linapokwenda mbele, kiti kimejaa, linapita. Kwa binadamu, baada ya protoni nane mzunguko umetimia, na ekseli imeilazimisha F1 itengeneze ATP tatu. Joto linatikisa, tofauti ya protoni inachagua.

TABIBU: Ngoja kwanza, walimu wangu. Mmeniambia Fo hufanya kazi kwa meno na F1 kwa mkono. Na mmesema ziko kwenye ekseli moja.

MTOA HOJA: Ndiyo.

TABIBU: Ekseli haijui tofauti?

MPINZANI: Haijui. Inapokea mzunguko tu.

TABIBU: Basi tofauti mnayoigombania iko wapi?

MTOA HOJA: Swali zuri, na lina jibu. Mwaka 1998 Hongyun Wang na George Oster walieleza F1 inavyopata nguvu yake iliyo tulivu kutoka mwanzo hadi mwisho wa kituo. ATP haiingii mfukoni kwa kishindo. Inaingia ikiwa imeshikwa kwa kiungo kimoja dhaifu, kisha cha pili, kisha cha tatu, viungo vya haidrojeni vikifungwa kimoja baada ya kingine, na mfuko ukijikunja kuizunguka. Kila kiungo kinapofungwa, ekseli inapinda kidogo.

MPINZANI: Na kila kiungo hufungwaje? Mfuko unatikisika kwa joto, unakaribia kidogo, kiungo kinashika kabla haujarudi. Kisha mtikisiko unaofuata. Kila kimoja ni kidogo, hakizidi sana kipimo cha joto, kwa hiyo hakuna anayesubiri dakika ishirini. Mkono wa mwenzangu ni meno yangu, yakiwa madogo na mengi.

MTOA HOJA: Au meno yake, yakisagwa vya kutosha, yamekuwa mkono wangu. Na udogo huo una faida inayopimika. Mwaka 2016 Jason Wagoner na Ken Dill walionyesha kwa hesabu kwamba mota inayoachilia nishati yake kwa namna ya msukumo huenda kasi zaidi ikiwa na mzigo kuliko inayosubiri mtikisiko mkubwa kisha kuufungia nyuma. Kwa hiyo sijakubali kwamba ni mamoja. Jino kubwa huchoka mzigo unapoongezeka. Meno madogo huendelea kuvuta.

MPINZANI: Hilo nalikubali. Ninalolikataa ni kusema kwamba kuna mahali joto linaondoka na msukumo unaingia. Joto lipo kila mahali, hata ndani ya huo mkono. Kinachobadilika ni ukubwa wa jino ukilinganishwa na mtikisiko.

MWENYEKITI: Kabla sijahitimisha, Daktari, je, ugomvi huu una faida yoyote kwa mgonjwa?

TABIBU: Unayo, na nimeipata hapa. Kama mota ingekuwa na tendo moja tu, kusukuma, dawa nayo ingekuwa na kazi moja, kudhoofisha msukumo. Lakini nimesikia mzunguko wenye hatua: kushika, kujipanga, kuinama, kuachia, kurudi tayari. Kila hatua ni mahali pa kuweka dawa. Bedakwilini imewekwa kwenye duara. Dawa ya moyo iitwayo mavakamteni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu ambao misuli ya moyo imenenepa hadi kuziba njia ya damu, hupunguza vichwa vya miosini vilivyo tayari kushika aktini. Kimelea wa malaria naye hutumia miosini yake anapojipenyeza kwenye chembe nyekundu ya damu, na watafiti wanaitazama kama shabaha. Anayetafuta dawa humuuliza mtaalamu wa mota: hatua ipi ikizuiwa, safari yote inakwama? Jibu la hatua ya kuachia si sawa na la hatua ya kuinama. Nimeona kwenye maiti kwamba kuzuia kuachia kunakaza, hakulegezi. Ukikosea hatua, unaweza kupata kinyume cha ulichotaka.

MWENYEKITI: Ahsante. Mada ilivyoletwa ilisema mota husukuma kwa nguvu ya ATP. Upande wa hoja umethibitisha kwamba kuna mota, F1 ikiwa mfano, ambazo zinatoa nguvu tulivu dhidi ya mzigo na kutumia karibu nishati yote ziliyopewa, na kwamba umbo la mkono huamua upande na kasi. Upande wa upinzani umethibitisha kwamba mwendo wenyewe unatokana na mtikisiko wa joto, na kwamba ATP isiyokuwa mbali na msawazo haipeleki kitu popote. Upinzani umefuta dai la jino moja kubwa, na hoja imekubali kwamba msukumo umejengwa kwa mitikisiko midogo iliyoshikwa mmojammoja. Napendekeza mada irekebishwe isomeke hivi: "Mota za protini huchuma mwendo kwenye joto la maji, ATP, ikiwekwa mbali na msawazo, hulipia mwendo huo uwe wa upande mmoja, na kila mota ipimwe peke yake ukubwa wa meno yake." Wanaoafiki?

MTOA HOJA: Naafiki, kwa sababu ya kipengele cha mwisho.

MPINZANI: Naafiki, kwa sababu ya kipengele cha kwanza.

MWENYEKITI: Waliosema ndiyo wameshinda. Imebaki mota iitwayo daineini. Ian Gibbons aliipa jina mwaka 1965. Ndiyo inayopiga mikia ya mbegu za kiume na vinyweleo vya njia ya hewa, na ndani ya neva hurudisha mizigo upande ulio kinyume na wa kinesini. Mfuko wake wa ATP uko mbali na unyayo unaoshika uzi, umetenganishwa nao na bua la nanomita 15 hivi. Hatua zake hazilingani: mara 8, mara 16, mara 24, wakati mwingine kando, wakati mwingine nyuma. Pande zote mbili zitaidai. Mtoa Hoja alete umbo la bua lake, Mpinzani alete hesabu ya hatua zake za kurudi nyuma. Kikao kimeahirishwa, na daineini inabaki kiporo.